Heshi Haijazi Ghala: Uhakiki wa Nix na Mategemeo ya Tovuti, kutoka Mbarara hadi Nakivale

Ingizo lilisema dawa inywewe "kila saa nane". Aliyeliandika, yaani mimi, alikuwa akifasiri maelekezo ya Kiingereza yanayomtaka mgonjwa ameze kidonge mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane. Lakini mwambie mama wa Kikongo pale Nakivale "kila saa nane", naye atasikia kila siku saa nane mchana, kidonge kimoja, basi. Mkalimani mmoja aliliona kosa hilo kabla halijamdhuru mtu, akanipigia simu. Nilikuwa Mbarara chuoni. Nikamwambia nitakuja Jumamosi na nitalisahihisha palepale kwa dakika tano.

Haikuwa dakika tano. Ilikuwa wiki mbili, na sababu ya wiki mbili hizo ndiyo ninayoihakiki hapa.

Tovuti yenyewe ni msamiati wa zahanati. Waliouomba ni vijana wenzangu wa makazi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, wanaojitolea kuwasindikiza wagonjwa. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo foleni moja ya zahanati inaweza kuwa na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mwethiopia, huku muuguzi akizungumza Kiingereza na Runyankore. Kiswahili ndicho mara nyingi kinachobaki katikati. Msamiati unakaa kwenye kompyuta moja inayotumia umeme wa jua huko Base Camp, na simu zilizo karibu huusoma kwa waifai bila kugusa intaneti. Huo ndio uliokuwa mpango wetu: kitu kisichohitaji bando.

Ili kukijenga kitu hicho niliandika kwa mkono majina ya vifurushi sita vya JavaScript. Kimoja hugeuza maandishi kuwa kurasa, kingine hutengeneza faharasa ya utafutaji, vingine ni vya mpangilio wa skrini ndogo. Kila kimoja kilivitaka vingine, navyo vikataka vingine. npm ilipomaliza kuufuata ukoo wote, faili la kufuli, yaani orodha ya kila kifurushi na toleo lake, lilikuwa na vifurushi zaidi ya mia nne. Msomaji wa msamiati haoni hata kimoja. Anaona neno na tafsiri yake.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye neno, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Katika tafsiri za programu nimekutana na "vitegemezi" kwa maana ya vitu hivi ambavyo programu huviegemea. Nadhani neno hilo limegeuzwa kichwa chini. Kwenye karatasi za familia, wategemezi ni wale wanaomtegemea mkuu wa kaya: watoto, bibi mzee, mpwa aliyefika bila wazazi. Kitegemezi basi kingekuwa kitu kinachotutegemea sisi, ilhali hali ni kinyume: sisi ndio tunaotegemea. Kiswahili kina neno lake tayari, tegemeo, kitu cha kuegemea, na wingi wake ni mategemeo. Nitalitumia hilo. Tofauti si ya mapambo. Anayedhani ana wategemezi mia nne hujiona baba wa nyumba, kumbe yeye ndiye anayekula kwa watu mia nne asiowajua.

Nilichagua Nix kwa sababu ya ahadi yake. Wazo lilitoka kwa Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na likapata umbo lake kamili katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2006. Kila kitu kinachojengwa huwekwa ghalani chini ya jina lenye heshi, ile mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga: msimbo, zana, maelekezo, matoleo. Ukibadilisha kimojawapo, jina linabadilika na kitu kipya kinakaa kando ya cha zamani bila kukifuta. Ujenzi hufanyika katika chumba kilichofungwa, bila mtandao na bila kuchungulia vitu vingine vilivyomo kwenye kompyuta. Kwa hiyo kilichojengwa Mbarara kinapaswa kujengeka vilevile Nakivale, leo na baada ya miaka mitatu. Tuseme ukweli kwamba hata hapo matokeo hayalazimiki kulingana biti kwa biti, maana zana fulani huweza kuchomeka tarehe au kupanga mafaili ovyo. Ila ugonjwa wa "kwangu inafanya kazi, kwako haifanyi" umepata dawa ya kweli, na sitaki uhakiki huu usomwe kama wa mtu asiyeiona dawa hiyo.

Tatizo ni kwamba npm na chumba kilichofungwa ni maadui. npm imezoea kwenda sokoni katikati ya upishi. Vifurushi vingine huenda mbali zaidi: Puppeteer, kwa mfano, inaposakinishwa hujaribu kupakua kivinjari kizima. Next.js inaweza kwenda kuchukua fonti za Google wakati wa ujenzi. Ndani ya Nix safari zote hizo hugonga ukuta, na mjenzi hulazimika kuzizima au kuzitimiza mapema kwa njia nyingine.

Nix imeacha mlango mmoja tu. Hatua ya ujenzi inaweza kuruhusiwa mtandao iwapo heshi ya matokeo yake imetangazwa kabla. Ukisema mapema utakachorudi nacho, unaruhusiwa kutoka, na mlangoni unapekuliwa. Ghala kuu la maelekezo, Nixpkgs, hutumia mlango huo kwa tovuti kupitia zana iitwayo buildNpmPackage. Inasoma faili la kufuli, inapakua vifurushi vyote kwa mkupuo, inavifunga pamoja chini ya heshi moja, kisha inamruhusu npm afanye kazi ndani ya chumba akidhani yuko sokoni. Na ukisahau kuisasisha heshi hiyo baada ya kubadilisha faili la kufuli, zana hulinganisha na kusimamisha ujenzi kwa kelele. Ni kazi safi.

Neno "kwa mkupuo" ndilo lililonigharimu.

Jumamosi ya kwanza nilifika Base Camp nikiwa sina wasiwasi. Kompyuta ile ilikuwa na Nix, na tovuti nilikuwa nimeipeleka mwenyewe kwa flashi miezi kadhaa nyuma, kwa amri ya kunakili kitu pamoja na vyote kinavyovitaja. Niliamini kwamba kama kila kinachotajwa kimo, basi kila kinachohitajika kimo. Nikasahihisha mstari, nikaamuru ujenzi. Nix ikaanza kuitafuta intaneti.

Nilikuwa sijaelewa jambo ambalo ukilitazama ni la wazi. Nix huhesabu kinachotajwa na kitu kilichokwisha kujengwa. Kurasa za tovuti zilizokwisha kuiva hazitaji npm, hazitaji Node, hazitaji hata kifurushi kimoja kati ya vile mia nne, kwa sababu vilishafanya kazi yao na kuondoka. Nilikuwa nimebeba wali na kuacha mchele, sufuria na kuni Mbarara. Tovuti ilisomeka vizuri kabisa. Kuibadilisha ndiko kulikoshindikana, hata kwa neno moja.

Nikawasha mtandao wa simu yangu. Kuanzia Julai 2021 serikali ya Uganda inatoza asilimia 12 juu ya bei ya data, kodi iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018. Nataja kodi si kulalamika, bali kwa sababu inafanya kila megabaiti iwe na sura ya pesa. Bando la kwanza lilikatika katikati. Nikanunua la pili. Sasa, kwa kuwa vifurushi vyote ni hatua moja yenye heshi moja, kilichokatika katikati hakikuhifadhiwa. Mia mbili au mia tatu vilivyokwisha kushuka vilitupwa, na bando la pili likaanza kutoka sifuri. Nalo likakatika.

Huu ndio upungufu wa kwanza ninaoushtaki, na nadhani ni wa kimaamuzi zaidi kuliko wa kiufundi. Kuwa na heshi moja kwa vifurushi vyote ni raha kwa anayetunza maelekezo: mstari mmoja wa kubadilisha. Gharama yake humwangukia anayepakua. Badilisha toleo la kifurushi kimoja kidogo, heshi nzima inabadilika, na vyote vinashuka upya. Kwa mtu wa Utrecht hiyo ni sekunde chache. Zana ya zamani, node2nix ya Sander van der Burg, iliandika kila kifurushi peke yake na heshi yake. Ilizalisha mafaili marefu yasiyosomeka, na watu waliichoka. Lakini ilipokatika katikati, ulichokwisha kukipata kilikuwa chako. Urahisi ulipokuja, haki hiyo ndogo ikapotea. Katika Nixpkgs ipo sasa njia nyingine, importNpmLock, inayotumia heshi ambazo faili la kufuli lenyewe huziandika kwa kila kifurushi, na hivyo kurudisha upakuaji wa kimoja kimoja. Ningependa hiyo iwe ndiyo ya kawaida na ile ya mkupuo iwe ya hiari.

Mwenzangu mmoja darasani aliposoma rasimu alisema: kwani usingefungua ukurasa uliokwisha kujengwa na kulifuta kosa kwa mkono? Nilifanya hivyo, sikatai. Ghala la Nix haliandikiki, kwa hiyo nilinakili kurasa nje yake nikarekebisha ile moja. Lakini faharasa ya utafutaji ilikuwa imejengwa na maneno ya zamani, na mtu aliyetafuta jina la dawa kwenye simu yake aliendelea kuoneshwa "kila saa nane" kwenye orodha ya majibu. Tukabandika karatasi ukutani juu ya kompyuta. Mwingine alisema jambo zito zaidi: kwamba kurasa tupu za HTML, zisizo na JavaScript hata chembe, zingetosha, na matatizo haya yote ni ya kujitakia. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kati ya vifurushi vyangu sita, viwili vilikuwa vya urembo na nimeviondoa, navyo vikaondoka na ukoo wao. Ila wakalimani waliutaka utafutaji unaokubali neno likiandikwa kwa Kiswahili cha Kongo au cha pwani, na huo sikuweza kuuandika peke yangu. Asiyeweza kulima kila kitu hununua. Swali ni ananunua kwa nani, na nini kinatokea soko likifungwa.

Soko hufungwa. Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya mgogoro juu ya jina la kifurushi chake kimoja, aliondoa npm vifurushi vyake vyote, zaidi ya 270. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, na kutoweka kwake kuliangusha ujenzi wa programu nyingi duniani mpaka npm wenyewe wakakirudisha. Huku kwetu soko hufungwa kwa namna nyingine pia. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ya Uganda nzima ilizimwa kwa takriban siku tano. Heshi zote za dunia zilikuwa sahihi siku hizo tano, na hakuna aliyeweza kujenga kwa hizo peke yake.

Wazee wa Nakivale wanalijua jambo hili kuliko mimi. Katika uhakiki wa wakimbizi wa mwaka 2018 walipimwa alama za vidole na mboni za macho, ili kila anayepanga foleni awe ndiye yule aliyeandikwa. Mashine ikitambua kidole chako inasema wewe ni wewe. Hailetei kaya yako gunia la mahindi. Heshi ni kidole hicho. Inatambua kifurushi kikifika, lakini haikileti.

Wala haikisafishi. Mwaka 2018 kifurushi maarufu cha event-stream kilikabidhiwa mtunzaji mpya, naye akaongeza tegemeo dogo lililoitwa flatmap-stream, lenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Msimbo mbaya haukuonekana katika chanzo kilichowekwa hadharani. Ulikuwa ndani ya faili lililobanwa lililopakiwa npm. Faili la kufuli lililotengenezwa wiki ile lingemhifadhi mwizi huyo kwa uaminifu mkubwa, na Nix ingemjenga vilevile Mbarara na Nakivale. Ndiyo maana watu wa Guix, mfumo ndugu ulioanzishwa na Ludovic Courtès mwaka 2012, hawapendi kuchukua kilichokwisha kubanwa. Wanataka kila kitu kijengwe kutoka kwenye chanzo. Kimsingi wana haki. Lakini chanzo cha kifurushi kimoja cha JavaScript huhitaji vifurushi vingine kukijenga, navyo vingine, hadi unajikuta umezunguka na kurudi ulikoanza. Matokeo ni kwamba mlango wa Guix ni safi na walioingia kwa upande wa tovuti ni wachache. Mkalimani wangu hawezi kungoja.

Niliporudi Mbarara nilikuta kompyuta yangu mpakato nayo imeshafagia ghala lake. Diski ni ndogo, na Nix ikiombwa kufagia huona mchele uliokwisha kuwa wali kama takataka, isipokuwa umeiambia mapema uvitunze vifaa vya ujenzi. Nilipakua tena, kimoja kimoja safari hii, usiku kucha kwa mtandao unaokuja na kwenda. Asubuhi vilikuwa vimetimia. Kisha nikatumia sifa ya Nixpkgs iitwayo inputDerivation, ambayo hukusanya vyote vinavyoingia katika ujenzi, si vinavyotoka, nikavipakia kwenye flashi pamoja na nakala ya Nixpkgs yenyewe. Nina hakika kila mjenzi anayeishi mahali penye mtandao wa kudumu anaweza kumaliza miaka bila kuihitaji sifa hiyo. Mimi ningeiweka ukurasa wa kwanza wa mwongozo.

Jumamosi ya pili nilikuwa na mtihani, kwa hiyo flashi ilikwenda bila mimi. Niliifunga kwa uzi nikampa mama mmoja muuza vitenge anayekuja Mbarara kuchukua mzigo. Na hapa niliona upande wa Nix ambao sikuwa nimeuthamini. Mkalimani alipoichomeka flashi kwenye kompyuta ya Base Camp, kurasa nilizozijenga mwenyewe zilikataliwa. Nix ilisema hazina saini ya mtu inayemwamini, na ilikuwa sawa, maana ni nani ajuaye nilichokipika? Node na zana nyingine zilipita kwa sababu zina saini ya ghala la NixOS. Vile vifurushi vya JavaScript, vile ambavyo nilidhani ni lazima vitoke npm kwa intaneti, vilipita bila saini yoyote. Heshi zao zilikuwa zimetangazwa kabla, zikapigwa hesabu upya, zikalingana. Haikujalisha vimetoka Marekani kwa nyaya za baharini au vimetoka Mbarara ndani ya furushi la vitenge.

Kwa hiyo shtaka langu la pili limebadilika njiani. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba Nix inategemea mtandao kupita kiasi. Ninachosema sasa ni kwamba Nix ilikwisha kumwondolea mbebaji umuhimu wa kuaminiwa, jambo kubwa sana kwa watu wanaoishi mwisho wa waya, halafu zana zake za tovuti zikaendelea kwenda kwa mbebaji yuleyule mmoja kana kwamba hakuna mwingine. Hakuna kilichohitaji kuvumbuliwa ili flashi ile ifanye kazi. Ilihitaji mtu afikirie kwamba flashi ni njia.

Mkalimani alijenga tovuti mwenyewe saa kumi jioni, mimi nikiwa kwenye simu naye kwa dakika za kwanza tu. Ingizo sasa linasema "kila baada ya saa nane, mara tatu kwa siku". Wiki iliyofuata nilipofika niliona kwamba ameondoa karatasi ukutani, na kwamba kando ya "daktari" ameongeza "munganga", neno ambalo mimi, kwa kuogopa alama za sarufi, nilikuwa nimeliacha nje.